Mnunuzi wa mitoo kavu anataka uthibitisho kwamba haidhuru vinasaba. Nianze na kipimo gani?

MamaMboga_Luanda

Habari zenu wadau. Nina swali la maabara, na naomba anayeielewa kazi hiyo anijibu kwa lugha ninayoweza kuipeleka kwenye mkutano wa kikundi.

Sisi ni akina mama wa karibu na soko la Luanda, kaunti ya Vihiga. Tunalima mboga za kienyeji: kunde, saga, managu, na mitoo ambayo wengi hapa kwetu wanaiita miro. Mbichi tunauza Luanda, na Jumapili tunafika Kibuye, Kisumu. Zinazobaki tunazikausha na kuzifunga pakiti za gramu 50, na kuna mnunuzi anayezipeleka kwa Wakenya walioko Ujerumani na Uholanzi. Kunde na saga amechukua bila maneno mengi. Mitoo ameikataa. Ameandika kwamba mmea huu ni wa jenasi ya Crotalaria, kwamba jenasi hiyo inajulikana kwa sumu za asili ziitwazo alkaloidi za pirolizidini, na kwamba hataigusa mpaka tumwonyeshe haidhuru vinasaba vya mlaji.

Nilipeleka barua yake kwa maabara moja ya kibinafsi. Wakaniambia nifanye jaribio la Ames: niwaletee unga wa mitoo, waupime, ukitoka safi nimemaliza. Bei waliyonitajia ingekula akiba yote ya chama. Kabla sijawaomba wenzangu watoe pesa hizo, nataka kujua kama zinanunua jibu au zinanunua karatasi tu.

Kazi yenyewe tunaifanya hivi. Majani tunayachuma kabla mmea haujatoa maua, ingawa mvua ikikatika mitoo huharakisha kuzaa na maganda machanga yanaingia kwenye kikapu. Tunaosha, tunatumbukiza kwenye maji yanayochemka, tunaopoa, halafu tunaanika kwenye chanja za wavu ndani ya kikaushio cha jua. Tunalima aina mbili, ile chungu yenye majani yanayoelekea samawati, na ile isiyo chungu yenye kijani kinachong'aa. Kwenye pakiti tunazichanganya.

Biashara ni jambo moja. Lakini binti yangu ni mjamzito na anakula mitoo karibu kila wiki, na mimi mwenyewe nimewalea wanangu kwa mboga hiyo. Barua ya huyu mnunuzi imenifanya niiangalie sufuria yangu kwa wasiwasi. Nataka ukweli, hata kama utaniuma.

Ja_Seme

Mama, usitishike. Sisi huku Seme tumekula mitoo tangu babu zetu, na wazee wetu walizikwa na mvi zao. Wanunuzi hawakosi sababu ya kushusha bei. Mwambie chakula kilicholiwa vizazi na vizazi kimeshapimwa kuliko chochote kitakachoingizwa kwenye chupa ya maabara.

Fundi_Njoro

Mama, pole kwa mahangaiko, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Mimi ni mtu wa maabara huku Njoro, Nakuru, na kupima vitu vya asili vilivyomo kwenye chakula ili kujua kama vinagusa vinasaba ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Jibu langu ni hili: usilipie jaribio la Ames la unga mzima wa mitoo. Lipia kwanza kipimo cha kiasi cha alkaloidi zenyewe. Nitaeleza sababu kwa urefu kidogo, maana mnunuzi atakuuliza.

Kwanza nimjibu mzee Ja_Seme, kwa heshima. Mzee, jadi ya ulaji ina uzito, na hata sheria ya Umoja wa Ulaya ya vyakula vipya ya mwaka 2015 inakubali historia ya miaka 25 ya kuliwa kwa usalama kama ushahidi kwa chakula cha jadi kutoka nje. Lakini jadi hukamata upesi kile kinachotapisha au kuua siku hiyo hiyo. Kinachoharibu DNA hakitoi dalili mezani. Mtu anaweza kula leo, ini likaumia kidogo kidogo, uvimbe ukaonekana baada ya miaka ishirini, na hakuna mzee atakayeuhusisha na sufuria ya mboga. Ndiyo maana kazi hii ya maabara ipo, na inawafaa wajukuu wetu kabla haijamfaa Mjerumani yeyote.

Sasa jaribio la Ames. Lilibuniwa na Bruce Ames na wenzake pale Berkeley, California, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Linatumia bakteria wa Salmonella ambao jeni yao ya kutengenezea histidini, amino asidi wanayoihitaji ili kukua, imeharibiwa makusudi, kwa hivyo kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) isiyo na histidini hawawezi kuzaana. Kitu unachokipima kikibadilisha DNA yao, baadhi yao hurudia uwezo huo, na kila mmoja huota kuwa koloni unaloliona kwa macho. Pleti, yaani kisahani chenye agari hiyo, inakaa kwenye inkubeta ya nyuzi 37 kwa siku mbili au tatu, kisha unahesabu. Hata pleti ambayo hujaiwekea kitu huwa na koloni, kwa sababu mabadiliko mengine hutokea yenyewe: bakteria aina ya TA98 hutoa kama thelathini hivi, TA100 hutoa mia moja na zaidi. Tunachotafuta ni ongezeko linalopanda kadiri dozi inavyopanda. Mwongozo nambari 471 wa OECD, jumuiya ya nchi inayotoa miongozo ya kupima kemikali, unataka aina tano za bakteria, na kila aina ipimwe bila S9 na pamoja na S9. Hiyo S9 ni maji ya ini la panya lililosagwa, yenye vimeng'enya vyake. Bakteria hawana ini, na vitu vingi haviwi hatari mpaka ini livibadilishe.

Ni jaribio zuri sana. Limeokoa watu wengi kutokana na rangi na kemikali ambazo zingeingia sokoni. Ila lilikusudiwa kitu kimoja kinachojulikana, si mboga nzima iliyosagwa. Ukiinua pleti kwenye mwanga utaona, nyuma ya koloni, ukungu mwembamba wa bakteria. Hao ni wale waliogawanyika mara chache kwa histidini kidogo sana ambayo tunawawekea sisi wenyewe. Sasa mwaga dondoo la majani ya mitoo, yenye amino asidi huru kwa wingi. Histidini ya mboga inawalisha. Ukungu unakuwa mzito kama tui, koloni zinaongezeka, na mpimaji asiye mwangalifu ataandika kwamba mboga inabadilisha vinasaba, kumbe imewashibisha bakteria tu. Fundi anayejua kazi atakuwa na njia ya kuwaosha bakteria baada ya kukutana na dondoo, kabla hajawaweka kwenye agari. Uliza maabara yako kama wanafanya hivyo. Wasipoelewa swali, ondoka. Na kuna kinyume chake pia: mimea mingi inaua bakteria yenyewe. Hapo ukungu unapungua, koloni zinapungua, na ripoti inasema "safi" wakati waliotakiwa kutoa ushahidi wamekufa.

Kwa mitoo kuna tatizo kubwa kuliko hayo, na ni la hesabu. Kiwango cha juu kabisa kinachowekwa kwenye pleti moja ni miligramu 5. Tuseme majani yako makavu yana mikrogramu 400 za alkaloidi kwa kilo. Kwenye miligramu 5 za unga huo kutakuwa na nanogramu 2 tu. Alkaloidi za pirolizidini, hata zikiwekwa tupu, kwa kawaida zinahitaji mikrogramu mamia au zaidi kwa pleti ndipo bakteria waonyeshe chochote, na nyingi kati yake zimetoa matokeo hafifu au hasi kwenye Salmonella hata kukiwa na S9, ilhali zinaishika DNA ya ini la mnyama aliye hai. Zenyewe hazina ukali. Ini ndilo linalozigeuza kuwa kitu kikali kinachoshika DNA papo hapo, pale pale kilipozaliwa. Kwa hivyo unga wako ungetoka "safi" iwe mboga ni salama au si salama. Hicho ndicho ungekuwa unanunua kwa akiba ya chama, na mimi singetaka mnunuzi wako wala binti yako aitegemee karatasi hiyo.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishalitolea mwongozo jambo hili mwaka 2019 kuhusu michanganyiko: ijue kwanza mchanganyiko wako una nini, kila kijenzi kinachojulikana kihukumiwe peke yake, na kama kimoja kinadhuru vinasaba ndani ya mwili, usijifiche nyuma ya mchanganyiko. Alkaloidi hizi zinajulikana tayari. Swali lililobaki kwa shamba lako ni moja: ziko kiasi gani? Crotalaria ina spishi takriban 700, na kiasi hutofautiana sana kutoka spishi hadi spishi na kutoka jani hadi mbegu. Ile Crotalaria retusa iliyoua farasi Kimberley, Australia, si mitoo yako. Kushiriki jenasi hakuifanyi mboga iwe na hatia.

Kinachopima kiasi ni mashine ya LC-MS/MS, inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wake. Orodha ya Umoja wa Ulaya ina alkaloidi 35, kumi na nne kati yake zikiwa zile zinazotoka kwenye mashine kwa wakati mmoja na nyingine, hata ikawa vigumu kuzitofautisha. Lakini sikiliza hapa, Mama, andika kabisa kwenye daftari: orodha hiyo haina monokrotalini, ambayo ndiyo alkaloidi maarufu kuliko zote za jenasi ya Crotalaria. Ukiomba tu "kipimo cha Ulaya" unaweza kuletewa karatasi yenye sifuri thelathini na tano na ile iliyokuhusu haikuangaliwa. Waambie waiongeze. Waulize pia kama ithibati yao ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, inahusu kipimo hicho hicho. Maabara yenye ithibati ya mabaki ya dawa za wadudu si lazima iwe nayo ya alkaloidi.

Matokeo yakija, usikubali yalinganishwe ovyo. Ulaya imeweka mpaka wa mikrogramu 200 kwa kilo kwa chai nyingi za mitishamba, na 400 kwa viungo vya majani makavu. Kiungo mtu hukibana kwa vidole viwili. Mitoo ni sahani. Tupige hesabu. EFSA mwaka 2017 ilichukua kipimo cha rejea cha mikrogramu 237 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kutokana na saratani ya ini kwa panya, na kwa vitu vinavyodhuru vinasaba wanataka mlaji awe chini ya hapo mara 10,000. Kwa mtu wa kilo 60 inatoka kama mikrogramu 1.4 kwa siku. Sasa akila gramu 20 za majani makavu yenye 400 kwa kilo, amemeza mikrogramu 8. Kila siku, amepita mbali. Mara moja kwa wiki, wastani ni 1.1, yuko ndani. Kwa hivyo unga uliopita mpaka wa kiungo unaweza kuwa mwingi kwa anayeula kila siku. Nambari utakayopewa ibebe moja kwa moja kwenye hesabu hii, badala ya kuuliza kama "imepita" au "imeanguka".

Maganda yatoe. Nasema bila kusita. Kwenye jenasi hii mbegu kwa kawaida ndizo zinazobeba zaidi, na huko Sarguja, India, miaka ya 1970, watu waliharibikiwa maini kwa kula nafaka iliyochanganyika na mbegu za Crotalaria. Aliyechuma maganda anapochoka jioni ndiye anayeamua matokeo ya maabara, kuliko mashine.

Mwanafunzi_Maseno

Fundi, asante, nimejifunza zaidi ya kitabu. Swali: kama Ames ina mapengo hayo, mbona bado ndiyo ya kwanza kuombwa kila mahali? Na nimesoma kwamba kwesetini, iliyomo kwenye vitunguu na sukuma wiki, ilitoka chanya kwenye Ames. Tuache sukuma?

Fundi_Njoro

Usiache sukuma, tafadhali. Kwesetini ni mfano bora wa kwa nini hatuishii kwenye pleti. Kwenye Salmonella inatoa ongezeko la wazi, hata bila S9, na hilo limejulikana tangu miaka ya 1970. Lakini mtu akila kitunguu, utumbo na ini vinaifunga kwesetini haraka na kuibadilisha, na majaribio kwa wanyama hai kwa sehemu kubwa hayakuonyesha madhara ya vinasaba. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 1999 liliiweka kwenye kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kuiita kisababishi cha saratani kwa binadamu. Basi una kitu kinachotoka kibaya kwenye pleti na mwili unakimudu, na una alkaloidi za pirolizidini zinazotoka karibu safi kwenye pleti na mwili ndio unaozifanya mbaya. Ukivielewa viwili hivyo, umeelewa nusu ya somo.

Kuna mtego mwingine kwa mimea yetu. Vitu vingi vya asili vimefungwa na sukari. Bakteria wa Ames hawawezi kuikata sukari hiyo, lakini wale wa utumbo wako wanaweza. Sikasini, sumu ya mimea ya saikadi, ni mfano wa siku nyingi: kwenye jaribio la kawaida inakaa kimya mpaka uweke kimeng'enya cha kuikata sukari ndipo ionekane. Ukiandika pendekezo la utafiti wako kuhusu mmea wowote wa jadi, weka hatua hiyo ndani.

Ames inatangulia kwa sababu ni ya haraka, haihitaji kumlisha mnyama hai, na ikikuta kitu kimoja safi kilichotenganishwa, neno lake ni la thamani. Lakini haiendi peke yake. Mkakati wa EFSA wa 2011 unaiweka pamoja na jaribio la mikronukleo kwenye seli za mamalia. Hapo tunaangalia kwa hadubini kama seli iliyogawanyika imeacha nje ya kiini kijipande cha kromosomu, kiduara kidogo kando ya kile kikubwa. Ames inaona herufi ya DNA iliyobadilika, mikronukleo inaona kromosomu iliyovunjika au iliyopotea. Kimojawapo kikitoka chanya, unauliza mwili mzima: mikronukleo kwa damu ya panya, au jaribio la kometi, linaloonyesha DNA iliyokatika, kwenye ini lenyewe, mwongozo wa OECD nambari 489. Kwa kitu kinachojulikana kuamshwa na ini, ini ndiko kwa kuangalia, si uboho unaotengeneza damu.

Na huyo Bruce Ames mwenyewe, pamoja na wenzake, aliandika mwaka 1990 kwamba asilimia 99.99 ya kemikali za kuua wadudu anazokula Mmarekani, kwa uzito, zimetengenezwa na mimea yenyewe. Hakuwa anawafukuza watu kwenye mboga. Alikuwa anasema tupime kwa haki: cha asili kisisamehewe kwa kuwa cha asili, na cha kiwandani kisihukumiwe kwa kuwa cha kiwandani.

Mkulima_Bahati

Mimi niko Bahati, Nakuru, na nasema hivi kwa uchungu: tunahangaika na mitoo huku mahindi yetu yanakaa kwenye gunia yakiwa na unyevu. Aflatoksini ni ya asili vilevile, inatengenezwa na kuvu. Mwaka 2004 kule Ukambani waliugua watu 317 na wakafa 125. Hiyo ni ile ya kuua papo hapo. Ile ya polepole inashika DNA ya ini.

Fundi_Njoro

Kweli kabisa, ndugu yangu. Aflatoksini B1 haina fumbo: iko kwenye kundi la 1 la IARC, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, inatoka chanya kwenye pleti, kwenye seli na kwenye mnyama, na kwa wagonjwa wa saratani ya ini katika maeneo yaliyoathirika imeonekana alama yake kwenye jeni ya TP53, inayozuia uvimbe, mahali paitwapo kodoni ya 249. Mpaka wetu wa Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya aflatoksini. Akina mama wa Luanda wakiuza karanga pia, wazipime hizo kabla ya mitoo. Kipimo cha haraka cha aflatoksini kinapatikana kwa urahisi.

Nyar_Alego

Mama Luanda, mimi ni mpishi, nina kibanda Kisumu, na mitoo yangu watu hupanga foleni. Sikusoma sayansi lakini nitasema ninavyoipika, labda itasaidia. Ile chungu naichemsha kwa maji mengi yenye magadi kidogo, naimwaga maji yote, naichemsha tena na mrenda na kunde ili kuvunja uchungu, halafu naweka maziwa na kuiacha ilale. Kesho yake ndiyo tamu. Ile isiyo chungu wengi hawamwagi maji, wanaona wanapoteza vitamini. Je, kumwaga maji kunasaidia hayo ya vinasaba, au kunaondoa uchungu tu?

Fundi_Njoro

Dada, swali lako lina thamani kuliko kurasa nyingi nilizosoma. Moto wa jiko hauziharibu kirahisi alkaloidi hizi. Lakini nyingi, hasa zile zilizo katika umbo la N-oksidi, yaani zilizoshikana na oksijeni, zinayeyuka kwenye maji. Kwa hivyo yale maji unayomwaga yana kila sababu ya kubeba sehemu yake. Usitumie uchungu kama kipimo, kwa kuwa kitu kinachochoma ulimi si lazima kiwe kinachogusa DNA. Vitamini C itapungua, ni kweli, na ndiyo bei yake.

Mama Luanda, hapa ndipo ningeweka pesa zako. Peleka maabara jani bichi lililokaushwa bila kuchemshwa, jani lile lile lililopita kwenye maji yenu ya moto, na maji yenyewe kwenye chupa. Mkitoka na nambari tatu za namna hiyo, mnunuzi anapata jibu na kikundi chenu kinajua kama hatua ya kuchemsha mnayoifanya kwa ajili ya rangi inafanya pia kazi ya usalama. Hayo hakuna barua ya Ulaya itakayowaambia.

Kwa binti yako, kwa sasa: majani tu, bila maganda wala mbegu, yachemshwe na maji yamwagwe, asinywe supu yake, na abadilishe mboga siku kwa siku, leo kunde, kesho terere au saga. Asitengeneze juisi wala chai ya mitoo. Mtoto aliye tumboni ni mwepesi kuumia kuliko mtu mzima, ndiyo maana nasema hivi. Sioni sababu ya kumtia hofu kwa aliyokwisha kula. Kliniki akienda awaeleze anachokula kama kawaida.

MamaMboga_Luanda

Asanteni nyote, na mzee Ja_Seme asante pia, najua ulitaka kunitia moyo. Tulikutana jana na nikawasomea wenzangu. Hesabu ya sahani na kiungo ndiyo iliyowaingia kuliko yote. Mwenzetu mmoja alikumbusha kwamba Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT amehangaika miaka mingi mboga hizi ziheshimiwe, na hatutaki pakiti yetu iwe ndiyo itakayozichafulia jina.

Tumeamua hivi. Ames tumeikataa. Aina mbili hatuzichanganyi tena, kila moja na chanja yake. Mitoo kavu haitoki mpaka nambari zije, mbichi inaendelea sokoni bila maganda, na tutawaambia wateja wamwage maji. Mnunuzi nimemwandikia kwamba nitamletea kiasi cha alkaloidi, pamoja na monokrotalini, badala ya cheti, na amekubali kusubiri. Fundi, sampuli nizichukueje ili wasije wakasema ni mbaya?

Fundi_Njoro

Usichukue kutoka kona moja ya shamba. Chuma kidogo kidogo kwenye mistari yote, changanya, kisha gawanya, kwa kuwa mimea miwili jirani inaweza kutofautiana sana. Kila aina iwe na mfuko wake, na maganda mfuko wa peke yake; kama mna uwezo wa kulipia sampuli moja zaidi, mimi ningeilipia hiyo ya maganda. Angalieni pia magugu: gugu la Ageratum, lile lenye maua madogo ya zambarau, lina alkaloidi za kundi hili hili, na likichumwa pamoja na mboga litaiharibia jina mitoo isiyo na kosa. Mbichi zisikae kwenye plastiki zikachemka njiani. Tumia karatasi ya kaki. Andika aina, tarehe ya kuchuma, kama mmea ulikuwa umetoa maua, na kama majani yamepita kwenye maji moto au la. Weka nusu ya kila sampuli nyumbani, mahali pakavu, ili mkitofautiana na maabara kuwe na cha kupimwa tena. Matokeo yakifika, yaweke hapa yalivyo, tuyapigie hesabu pamoja.